KITI! Mtuhumiwa kapewa KITI uani mahakamani, wenzake wamechuchumaa juani!

Mpiga_Filimbi:
Wakuu, nimekereka mpaka vidole vinatetemeka. Yule jamaa mnamjua, simtaji. Mwenye miwani ya jua hata saa sita usiku na cheni nzito kama ya kufungia geti la yadi. Leo asubuhi kafikishwa mahakamani kwa ile kesi ya kumpasua mtu kichwa kwa chupa. Video mmeshaiona wote.

Karandinga limeshusha mahabusu, wawili wawili kwenye pingu moja. "Chuchumaa! Mikono kichwani!" Wamechuchumaa kwenye kokoto. Yeye kashuka kwenye gari la vioo vyeusi, na askari mwenye sare, anayelipwa kwa kodi zetu, kamletea KITI. Kile cheupe cha plastiki. Halafu askari kakifuta kwa kiganja. KAKIFUTA! Mara mbili! Yupo babu pale pembeni wa umri wa kumzaa huyo jamaa mara tatu, kachuchumaa magoti yanatetemeka, anatazama kiti kinavyofutwa.

Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Wangemletea na feni basi. Wangemkanda na miguu. Kiti, wakuu!

Mkwezi_Pwani:
Mleta uzi, kwanza punguza sauti. Jamaa hakuja na karandinga kwa sababu alikuwa na dhamana ya polisi. Kosa lake linadhaminika, kajidhamini kwa utaratibu, kaambiwa siku ya kufika mahakamani, kafika. Wale wanatoka rumande. Hiyo ni tofauti ya dhamana, haina uhusiano na ustaa.

Mpiga_Filimbi:
Mkuu, nani kaongelea karandinga? Naongelea KITI. Nionyeshe kifungu kinachosema mwenye dhamana ya polisi anafutiwa kiti.

Kizibo:
Uzi mzima kiti kiti kiti. Wewe fundi seremala?

dada_karani:
Jamani, mnahangaika na kiti, upendeleo wenyewe umeandikwa kwenye hati ya mashtaka na hamuusomi. Kichwa kimepasuliwa kwa chupa, kimeshonwa, lakini shtaka lililosomwa ni shambulio la kawaida. Siyo kujeruhi, siyo hata shambulio la kudhuru mwili. Tofauti yake ni kubwa. Makosa madogo kama shambulio la kawaida, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inairuhusu mahakama kuwapatanisha wahusika. Mlalamikaji anaitwa pembeni, anapewa bahasha, analegeza, kesi inakwisha. Shtaka la kujeruhi halizimwi kirahisi hivyo.

Na shtaka linaanza kulegea kwenye PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha. Mtu kapigwa usiku, anakimbilia zahanati kushonwa, kituo cha polisi anakwenda baada ya siku mbili. Daktari anajaza PF3 akiangalia kidonda kilichofungwa bandeji, anaandika jeraha dogo. Mpelelezi anaandika shtaka dogo. Ndiyo maana tunasema kila siku: anza polisi, chukua namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na PF3, ndipo uende kutibiwa. Kama hali ni mbaya, utibiwe kwanza lakini ndugu akimbilie kituoni saa hiyohiyo.

Mpiga_Filimbi:
Asante dada, sasa naona. Kumbe kiti ni matokeo ya PF3! Kichwa kimeshonwa nyuzi, mwenye kichwa kasimama nje ya geti, mpasuaji kakaa kwenye kiti KILICHOFUTWA.

Mzee_wa_Rufaa:
Nyie vijana mnaona upande mmoja tu. Ustaa katika nchi hii unaweza kukufunga pia. Februari 2017 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alisoma majina ya wasanii hadharani kuhusu dawa za kulevya, kabla hata ya mtu kusomewa shtaka. Mtu wa kawaida nani atamtangaza hivyo? Lulu, yule mwigizaji, alishtakiwa kwa mauaji Aprili 2012, kosa lisilo na dhamana, akakaa mahabusu mpaka shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, ndipo dhamana ikapatikana Januari 2013. Hukumu ilikuja Novemba 2017, miaka miwili jela. Kiti gani hapo? Na wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, kifungo cha maisha 2004, msamaha wa Rais Desemba 2017, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema haki yao ya kusikilizwa ilivunjwa. Ustaa wao uliwasaidia nini miaka yote hiyo?

Kizibo:
Mzee, Lulu alitoka Mei 2018 akamalizia kifungo kwa huduma za jamii. Wangapi wamefungwa miaka miwili na hata hawajui kama hicho kitu kipo?

Mzee_wa_Rufaa:
Kipo kwa kila mfungwa mwenye sifa. Shida ni kwamba hawaambiwi. Hilo lianzishie uzi wake.

Bibi_Hukumu:
Msidanganyane. Anachonunua tajiri ni muda. Hakimu akisema wadhamini wawili, kila mmoja awe na barua ya serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha ndogo, bondi (ahadi ya maandishi ya kulipa mshtakiwa akitoroka) ya milioni tano, mwenye wakili ana faili tayari saa tatu asubuhi. Barua zinahakikiwa, wadhamini wanasaini, saa tano yuko nyumbani anakunywa supu. Maskini ndugu zake ndiyo kwanza wanapanda daladala kumtafuta mwenyekiti wa mtaa. Wanarudi saa tisa, karandinga limeondoka. Hapo lazima hati ya kumtoa gerezani, na ikikwama anasubiri mpaka kesi itakapotajwa tena, siku 14.

Kama ni wizi wa zaidi ya milioni kumi ndiyo balaa. Ukidaiwa kuiba milioni 24, unatakiwa kuweka milioni 12 taslimu au hati ya mali yenye thamani hiyo, nusu iliyobaki ni bondi. Msanii ana hati. Muuza mitumba ana nini?

Mpiga_Filimbi:
Ana kokoto za kuchuchumalia. Na yule babu bado yuko kwenye video, magoti yanatetemeka. Kiti kilikuwa kimoja tu mahakama nzima?

chura_wa_Msasani:
Kero namba moja ni hiyo barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti hayupo, mjumbe hana mhuri, mwenye mhuri kaenda msibani. Halafu unaambiwa "ya soda". Mtu anaoza rumande kwa kukosa mhuri!

Kizibo:
Heri huko. Kwetu mtendaji anadai risiti ya taka ya mwaka mzima ndipo agonge mhuri. Taka zenyewe hazijawahi kuzolewa.

Mpiga_Filimbi:
Wakuu, turudi kwenye kiti.

chura_wa_Msasani:
Dada karani, nyumba ya urithi ambayo hati bado ina jina la marehemu, inafaa kumdhamini mtu?

dada_karani:
Haifai. Mwenye jina hawezi kusaini bondi. Fungueni mirathi kwanza: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa, mnaenda Mahakama ya Mwanzo kujaza fomu namba 1. Linatoka tangazo, pingamizi lisipokuwepo msimamizi anateuliwa kwa fomu namba 4. Baada ya hapo ndiyo mnagusa jina kwenye hati.

chura_wa_Msasani:
Na kama baba mdogo hataki kusaini muhtasari?