Unga wa matabaka: Wafaransa ndio walioubuni kweli?

Wadau, kila unapotajwa unga wa matabaka (puff pastry), ule wa vitafunio vya Kifaransa kama mille-feuille na vol-au-vent, unaochambuka tabaka kwa tabaka ukiokwa, hadithi huwa ileile: Claude Gelée, kijana aliyekuwa akijifunza uokaji, aliubuni mwaka 1645 alipotaka kumpikia baba yake mgonjwa. Sikubaliani nayo hata kidogo. Gelée alizaliwa karibu mwaka 1600. Hiyo 1645 alikuwa mtu mzima, mchoraji mwenye jina kubwa, anaishi Roma.

Maandishi nayo yanamkana. Kitabu cha mapishi cha Thomas Dawson, London 1596, kinaelekeza kusukuma donge, kutia siagi, kukunja na kusukuma tena, mara tano au sita. Mwaka 1607 Domingo Hernández de Maceras, mpishi wa chuo kimoja huko Salamanca, Hispania, akachapisha mapishi yake ya unga huu. Kitabu cha uokaji cha Wafaransa, Le Pâtissier françois, ni cha 1653.

Wanaoitetea Ufaransa huleta hati ya 1311 ya askofu wa Amiens, mji wa Ufaransa, inayotaja keki za matabaka. Sawa, lakini imezitaja tu. Haisemi mafuta yaliingiaje ndani ya donge, na ubishi wote uko hapo.

Mimi naitazama Andalusia, Hispania ya enzi za utawala wa Waislamu. Kitabu cha Kiarabu cha karne ya 13 kutoka huko kinaeleza donge la semolina (ngano iliyosagwa chengachenga) linalosukumwa hadi liwe jembamba, likapakwa siagi iliyoyeyushwa, likakunjwa, likazungushwa, kisha likasukumwa upya. Anayepika chapati za kusukuma ataitambua kazi hiyo mara moja: paka mafuta, kunja, zungusha kama konokono, acha lipumzike, sukuma.

Najua mtasema hiyo si sawa na ya Kifaransa, na ni kweli. Mfaransa hufungia bamba zima la siagi baridi ndani ya donge, akalikunja sehemu tatu, moja juu ya nyingine, akalipumzisha kwenye baridi, akarudia. Ukikunja hivyo mara sita unapata matabaka 729 ya siagi. Ndani ya oveni maji yanageuka mvuke na kuyainua. Ustadi wa kuupangilia utaratibu huo Wafaransa wapewe, wanastahili. Kuwapa na chimbuko lenyewe ni kuwadhulumu wapishi wa Andalusia ambao hata majina yao hatunayo.

Mwenye maelekezo ya Kifaransa ya kabla ya 1596, yanayoonyesha siagi ikikunjwa ndani ya donge, ayaweke hapa tuyasome. Na anayeikataa Andalusia atueleze: Maceras aliupata wapi?