Land Rover ya jeshi imekaa miaka haiwaki, niichukue au niachane nayo?

Bisibisi
Wakuu habari zenu. Nimepata Land Rover Series III 109 ya petroli iliyokuwa ya jeshi, imekaa nje miaka mingi mpaka majani yameota yakafika kwenye bampa. Ukiitazama bodi iko safi, rangi ya kijani imepakwa kwa brashi tabaka juu ya tabaka, viti vipo, na vile vibao vidogo vya maelekezo bado vimepigwa riveti mbele ya dereva. Muuzaji anasema iliegeshwa ikiwa inatembea, ila sasa injini haizunguki hata kidogo, nimeweka gia tukaisukuma watu watatu ikagoma kabisa. Umeme wake ni volti 24 na waya za plagi zimevishwa wavu wa chuma, kitu sijawahi kukiona. Nimeshafufua magari mawili ya kawaida kwa hiyo spana nazijua, na gari hili nimelitamani tangu mdogo. Je injini iliyojam ndo basi tena? Hiyo volti 24 niing'oe niweke 12? Na nikague nini kabla sijatoa hela, maana nilienda nikakaa karibu saa nzima naangalia injini tu.

Chuma Kongwe
Mkuu hiyo saa moja ungelala chini ya gari. Kwenye Series injini ndo kitu cha mwisho kukutia hofu, ni ile ya silinda nne ya cc 2286, imetengenezwa kwa wingi na vipuri vyake bado vinapatikana. Kinachoua mradi ni chesisi, ile fremu ya chuma iliyo chini inayobeba gari zima. Bodi ni aluminiamu haiwezi kupata kutu kama bati, ndo maana inakudanganya, juu inameta chini kumeoza. Beba nyundo ndogo na bisibisi pana, anza na ile boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, kisha mikono ya pembeni inayoshika bodi, kisha pale springi zinapofungwa. Gonga usikilize. Chuma kizima kinalia kling, kilichooza kinatoa sauti nzito ya kadibodi, na hapo sukuma bisibisi, ikizama ujue. Na usiamini sehemu yenye rangi nene nyeusi ya lami iliyopakwa juzi juzi, mimi ya kwangu niliuziwa hivyo, nikakwangua kidogo nikakuta chini yake kumezibwa kwa bati jembamba na gundi, nikaishia kukata karibu nusu ya chesisi na kuchomelea upya, miezi saba imeenda hapo hapo kabla sijagusa injini.

Angalia pia ile bati nzito inayotenganisha injini na miguu yako, pale unapokanyaga pedo na kwenye nguzo zinazoshika bawaba za milango. Ile ni chuma sio aluminiamu na inaoza kuanzia ndani.

Mzee wa Kreki
Kabla ya kusema injini imejam hakikisha sio breki zilizoganda. Gari hilo lina wenzo wa pili wa gia ya nguvu, na wenyewe una nyutro. Uweke nyutro halafu sukumeni tena. Likienda basi magurudumu yako huru na tatizo liko mbele huko, kwenye injini au gia boksi. Likigoma hata hapo breki zimeshika, drama za breki zigonge taratibu kwa nyundo kuzunguka ukingo mpaka ziachie. Utakapozifungua usipulize lile vumbi kwa upepo, lainingi za breki za zamani zilikuwa na asbesto, loanisha kwanza ndo ufute.

Kama ni injini kweli, wala usiivute kwa gari lingine ukiwa umeweka gia, utavunja kitu. Toa plagi zote nne, mimina mchanganyiko wa mafuta ya gia boksi ya otomatiki na dizeli kidogo kila silinda, acha siku kadhaa ukiongeza. Gari hizi zina tundu mbele la kuingiza hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, na raha ya hendeli ni kwamba mkono wako unahisi. Jaribu robo mzunguko mbele, robo nyuma, hapana nguvu ya hasira. Siku ile inapoachia utasikia kama kitu kimetoa pumzi. Ikianza kuzunguka fungua kifuniko cha juu uangalie valvu zote zinapanda na kushuka, moja ikiwa imenata utapinda fimbo yake bure. Petroli iliyomo kwenye tanki usiiguse kuwashia, mwaga yote na usafishe kabureta, ile ya zamani inakuwa gundi.

Waya Mbili
Hiyo ya volti 24 yenye waya za wavu ni FFR, yaani iliandaliwa kubeba redio, wavu ni wa kuzuia cheche za plagi zisiingie kwenye mawasiliano. Ni betri mbili za volti 12 zimefungwa kwa mfululizo, hakuna uchawi. Mimi nakuomba usiing'oe. Kweli distributa (ile inayogawa umeme kwenye plagi) na plagi zake ni za pekee na zinasumbua kupata, lakini ukiiondoa umeondoa nusu ya historia ya gari na ukitaka kurudisha baadaye ni msiba. Ikikulazimu kubadili, hifadhi kila kipande kwenye boksi na uandike kilikotoka.

Chuma Kongwe
Waya Mbili hapo tunatofautiana kidogo, kama anataka kulitembeza kila wiki 12 itampa amani. Ila kweli asitupe kitu.

Bisibisi
Wakuu nimerudi huko leo asubuhi na nyundo. Wenzo wa pili nyutro, gari likatembea, kwa hiyo breki ziko huru. Boriti ya nyuma imeoza kona zote mbili, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, mikono miwili ya kulia nayo imekwisha. Ila zile reli mbili ndefu za chesisi zinalia vizuri mwanzo mpaka mwisho. Rimu nimeona zina mduara wa pili wa nati, ni za nini?

Mzee wa Kreki
Simama hapo hapo. Hizo ni rimu za vipande viwili. Zile nati za mduara wa pili ndo zimeshika vipande pamoja, ukizifungua tairi likiwa na upepo rimu inaruka na inaua mtu. Toa valvu yenyewe ya upepo, hakikisha tairi limelala kabisa, ndo uguse. Soma pia tarehe ubavuni mwa tairi, tarakimu nne za mwisho, 3608 ni wiki ya 36 ya 2008. Zikiwa tatu tu ni la kabla ya 2000, hilo usilitembelee hata likiwa na meno mapya.

Reli nzima, boriti na mikono ni vitu vya kununua na kuchomelea. Mimi ningechukua, ila kwanza soma namba ya chesisi mwenyewe na uone inafanana na iliyo kwenye karatasi za kuuzwa kutoka jeshini. Karatasi zikikosekana usilipe mpaka uzione.

Bisibisi
Namba nimeipiga picha tayari, karatasi anasema ziko kwa kaka yake, naenda kuziona Jumamosi na nyie nitawaletea picha za chini.