Tupeane uzoefu: kijana wako alipoanza kusema wanawake hawana thamani, ulifanyaje?

Mjomba wa Keko

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumapili. Mpwa wangu ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, niko naye karakana namfundisha useremala. Kijana mtulivu, ana mkono mzuri wa randa. Siku hiyo tulikuwa kwa dada yangu tunakula, ikaja habari ya jirani anayeolewa akiwa na mtoto mmoja. Kijana, bila kuinua macho kwenye simu, akasema: "Nani anaoa single maza? Huo mtumba, mwenye akili hanunui."

Dada yangu alikuwa anapakua wali. Mwiko ukabakia hewani. Huyu dada alikimbiwa na baba wa kijana huyo huyo mimba ikiwa ya miezi 6. Amemlea kwa vitumbua, anaamka saa 9 usiku kuwasha jiko. Hata bando analotazamia hizo klipu ni hela ya vitumbua. Akamaliza kupakua, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka naondoka.

Usiku nikamwomba kijana anionyeshe anachotazama. Klipu juu ya klipu: Wamarekani, Waingereza, Wakenya, na Wabongo wenzetu wanaorudia maneno yale yale kwa Kiswahili. Andrew Tate, yule maarufu wa mitandaoni anayehubiri kwamba wanaume wawatawale wanawake, yumo tele, ingawa Facebook, Instagram, TikTok na YouTube zilimfungia Agosti 2022. Kumbe wafuasi wake walikuwa wanalipa karibu dola 50 kwa mwezi kujiunga na mafunzo yake, na walikuwa wanahimizwa wasambaze klipu zake kwenye akaunti zao, kila wakileta mtu walikuwa wanapata kamisheni. Kijana wangu anadhani anapewa siri za wanaume, kumbe yeye ndiye soko.

Nikamweleza kwamba huyo mtu alikamatwa Romania Desemba 2022, na Juni 2023 akashtakiwa kwa ubakaji na usafirishaji wa binadamu, mashtaka anayoyakana. Akanijibu: "Mjomba, mfumo unamwonea." Hapo nikaishiwa. Aliyepitia hili anisaidie.

Boda Nyegezi

Mjomba, mimi nilikuwa huyo kijana, acha nikwambie ukweli. Nilimlipia mchumba ada ya chuo miaka miwili kwa hela ya bodaboda. Alipomaliza akaacha kupokea simu. Nililia kijiweni, wenzangu wakacheka. Usiku huo nikakutana na mambo ya "kataa ndoa", wale wanaume wa mtandaoni wanaosusia kuoa, watu wananiambia pole, karibu, na sisi yalitukuta. Hakuna mwingine aliyekuwa ameniambia pole. Ndiyo maana nilikaa.

Mwanzo nilikuwa nasoma tu. Baada ya miezi kadhaa nikawa nawatukana wanawake nisiowajua, chini ya picha zao, kwa jina la bandia. Siku moja nikamtukana dada fulani aliyepiga picha ya mahafali, nikaandika kuhusu mwili wake maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kesho yake mdogo wangu wa kike akanitumia picha ya yale maneno na swali moja: "Kaka, hii akaunti ni yako?" Yule dada alikuwa rafiki yake chumba kimoja hosteli. Mdogo wangu ndiye aliyeitambua pikipiki yangu kwenye picha ya akaunti.

Sikumjibu siku 4. Nilimfuata kwa basi mpaka Dodoma kumwomba msamaha, yeye na mwenzake. Mwenzake hakukubali kuniona, na ana haki. Maumivu yangu yalikuwa ya kweli, ila niliyemtupia hakuwa amenikosea chochote.

Mwalimu Tuli

Nafundisha sekondari, Morogoro. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini kila wakitoka likizo wavulana wanarudi na msamiati mpya. Muhula uliopita wavulana wa kidato cha tatu walikataa kumtii kiranja wa kike, wakisema mwanaume hapelekeshwi. Sikuwachapa wala sikuhubiri. Niliwapa karatasi, kila mmoja aandike bila jina nani alimlipia nauli ya kuja shule. Zaidi ya nusu waliandika mama, bibi, shangazi au dada. Nikazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine. Darasa lilitulia nikasikia feni. Sitasema wamebadilika wote, lakini kiranja wangu anafanya kazi yake.

Binti Likoni

Mie ni Mkenya. Januari 2024 wasichana waliuliwa kwenye nyumba za kukodi kwa siku, na vijana niliosoma nao wakawa wanauliza mtandaoni, "Alifuata nini huko?" Aliyeua hawamuulizi. Tarehe 27 mwezi huo nilishika bango katika maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake. Jioni nikafungua simu nikakuta kakangu wa kuzaliwa amecheka chini ya maneno ya aina hiyo. Mjomba, usingoje. Lianzialo mezani haliishii mezani.

Fundi Simu

Kwa upande wa simu: ile mitambo ya mitandao inayokuchagulia klipu inapima muda unaokaa kwenye klipu. Ukiitazama mpaka mwisho kwa hasira, kwake ni sawa na aliyeipenda, inakuletea nyingine. Mfundishe kijana mwenyewe afute historia ya alivyotazama, na akikutana nazo abonyeze kwa muda mrefu achague kwamba hazitaki. Usimfanyie kwa siri, atajua, na utampoteza. Halafu mjazie vitu vya useremala, viko vingi vizuri mno.

Mjomba wa Keko

Nimesoma yote, nimesoma ya Boda mara mbili. Leo karakana nilimuuliza kijana kama kuna mtu amemuumiza. Alipiga randa kama dakika tano bila kujibu, kisha akasema, "Baba yupo Temeke, mjomba. Nilimpigia. Akasema nimekosea namba."

Sikujua hilo. Mama yake naye hajui. Bado hajamwomba msamaha, na dada bado anampakulia chakula bila neno. Ijumaa nimewaita wote wawili kwangu. Aliyewahi kukalisha kikao cha namna hii aniambie: nianze na kijana peke yake, au niwakalishe pamoja?