Mwalimu wa densi ya Kiayalandi: niangalie vyeti au niangalie nini?

MamaIbra_Dublin
Wadau habari za humu. Niko Dublin mwaka wa tano sasa, binti yangu ana miaka saba, na tangu shuleni kwao wafanye sherehe ya Mtakatifu Patrick mwezi wa tatu nyumba yangu haina amani, ni kurukaruka tu kwenye korido, mikono imeganda mbavuni kama askari wa gwaride. Anataka darasa la densi ya Kiayalandi na hasikii kingine. Nikauliza kina mama pale getini nikapewa walimu wawili. Wa kwanza dada wa miaka thelathini hivi, ana herufi TCRG nyuma ya jina, amezunguka na shoo kubwa, ukutani medali tupu. Wa pili mama mtu mzima, anafundisha Alhamisi jioni kwenye ukumbi wa kanisa, mchana ni nesi, hana herufi yoyote ila mtaa mzima unamsifia. Bei zinakaribiana. Sasa mimi nimekulia Tanga, nakijua chakacha, huku ni mgeni kabisa. Hizo herufi ni za kweli au mbwembwe? Na hawa walimu wanatokea wapi, wanafundishaje? Aliyepitia anisaidie jamani.

BabaWaLimerick
Dada karibu kwenye mateso 😄 binti yangu kacheza miaka sita, mimi ndo dereva wake kwa hiyo nimekaa kwenye hizo kumbi mpaka nimejua nyimbo.

Herufi si mbwembwe. TCRG ni Kiayalandi, maana yake mwalimu aliyethibitishwa na CLRG, ile tume ya densi iliyoanza 1930, na mizizi yake ni Conradh na Gaeilge, chama cha 1893 kilichotaka kufufua lugha na utamaduni wao enzi za Mwingereza. Mtihani wao mgumu aisee. Unaandika karatasi kuhusu densi 30 za kikundi, nani anasimama wapi na anapita kushoto kwa nani, unapigiwa nyimbo uzitambue, unacheza mwenyewe, halafu wanakuletea wachezaji uwafundishe mbele ya watahini. Walimu wengi niliowaona ni waliokuwa wakishindana tangu wadogo, wakafika miaka ya ishirini magoti yakaanza kulalamika, wakahamia kufundisha. Na karibu wote wana kazi nyingine mchana.

Lakini uliza yuko chini ya chama kipi, maana tume siyo moja. 1969 walimu kadhaa walijitoa wakaanzisha chao, vingine vikafuata, na kwa kawaida chama cha mwalimu ndo kinaamua mtoto ataingia feis zipi (hayo ndo mashindano, tamka "fesh"). Kama hutaki mashindano hilo halikuhusu.

Ufundishaji sasa. Miezi ya mwanzo usitegemee kuona maajabu. Ni kwenda upande hatua saba, kurudi hatua tatu tatu, na wanahesabu kwa lugha yao, a haon, a dó, a trí, mpaka a seacht. Binti yangu alijua kuhesabu Kiayalandi kwa miguu kabla mwalimu wa darasani hajafika huko. Kila hatua unaifanya kwa mguu wa kulia, ukimaliza unairudia yote kwa wa kushoto, na hapo kwenye kushoto ndo machozi. Siku moja simu ya mwalimu ilizima chaji katikati ya somo, hakusimama hata sekunde, akaendelea na muziki kwa mdomo, didli-di-dam, huku anapiga makofi. Nikajua huyu kakulia humo.

Kitu kilichonishangaza, wanaoanza wanapigiwa rili (aina ya muziki wa densi hizi) ya haraka na mabingwa wanapigiwa ya taratibu. Nikadhani wamekosea. Kumbe bingwa anajaza vishindo vingi ndani ya mdundo mmoja, anahitaji nafasi, mtoto anayeanza hatua zake chache, ukimpunguzia kasi anaanguka kama baiskeli iliyosimama.

kisigino_juu
Mie niko Galway mwaka wa tisa, asili yangu Mombasa, na nacheza, tena nilianza nikiwa na miaka 34 msinicheke. Baba wa Limerick kasema kweli ila kaongelea upande mmoja. Huku magharibi, Connemara, kuna sean-nós, mtindo wa zamani, mikono imelegea, miguu karibu na sakafu, na mtu anabuni palepale kulingana na mpigaji. Wengi wanaofundisha huo hawana herufi wala hawazitafuti, walijifunza jikoni kwa shangazi na wajomba. Wangu haniambii kabisa "hatua ya kwanza, ya pili". Anacheza, anasema nitazame, anacheza tena, halafu anakaa kwenye kiti ananitazama mimi. Nikiiga sawasawa hafurahi! Yuwataka nitie changu, kama vile kwenye chakacha kila bibi ana kiuno chake. Muulize huyo nesi anafundisha mtindo gani kabla hujamhesabu kuwa hajasoma.

Mkufunzi_Mstaafu
Hao walimu wasio na cheti ndio walioanza, dada. Karne ya 18 mwalimu wa densi alikuwa mtu wa kutembea, kijiji hadi kijiji pamoja na mpiga zumari au fidla. Mwingereza mmoja Arthur Young alipita Ayalandi miaka ya 1770 akaandika kwamba hata maskini walikuwa wakiwalipa, peni sita kwa robo mwaka. Na inasimuliwa mwanafunzi asiyejua kulia na kushoto alifungwa kamba ya nyasi mguu mmoja na kamba ya fito mwingine, kisha mwalimu anaamuru inua nyasi, inua fito. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31, mbinu hiyo naiheshimu.

mtoto_wa_Chuga
mzee mbona sisi shule tulifungwa fito kwa matumizi mengine 😂😂

JuniorMN
Salamu kutoka Minnesota. Msidhani mwalimu lazima azaliwe kwao, Michael Flatley aliyevuma na ile shoo ya densi, Riverdance, mwenyewe ni wa Chicago, na mwalimu wa mwanangu bibi yake ndo alitoka Ayalandi. Mimi naongezea pesa tu: gauni la mashindano jipya linapita euro 1,000 kirahisi, bado wigi na gundi ya soksi (ndio, gundi, soksi zisishuke). Mwalimu anayemshinikiza mtoto anayeanza anunue gauni mkimbie. Tena 2022 magazeti yalijaa madai ya kupanga matokeo kwenye mashindano, kwa hiyo medali ukutani zisikupofushe. Muulize anapasha misuli dakika ngapi, hizi densi zinaua vifundo vya miguu. Na huko kwenu kuna ukaguzi wa polisi kwa wote wanaofanya kazi na watoto, usione aibu kuuliza, hata kama anasifiwa na padri.

MamaIbra_Dublin
Asanteni sana. Mrejesho: nimekwenda kote kuwili. Yule dada wa TCRG yuko vizuri, kapasha misuli robo saa nzima, anawaita watoto wote kwa majina, ila ni mistari mirefu na binti yangu alijificha nyuma. Alhamisi tukaenda kwa nesi. Ukaguzi wa polisi anao, barua kanitolea kwenye mkoba kabla sijamaliza swali. Kabandika utepe mweupe sakafuni, akapiga magoti na sare yake ya kazini bado, akashika kisigino cha binti yangu kwa vidole viwili akakizungusha nje taratibu, akamwambia goti lifiche jingine. Basi! Nikamuuliza kuhusu mtihani, akacheka, mwaka aliotaka kuufanya ndo alijifungua wa kwanza, halafu wakaja wengine watatu. Alifundishwa na shangazi yake, na anafundisha yote mawili, hii ya mikono mbavuni na ile ya kisigino_juu.

Binti kamchagua huyo, hajanishauri. Shida nyingine ni kwamba nilikuwa nimekaa kwenye benchi mguu wangu unapiga chini bila mimi kujua, mama wa watu kaniona, kaniuliza navaa saizi gani maana saa mbili usiku kuna darasa la watu wazima. Sasa wa Dublin, vile viatu vigumu vya kugonga sakafu, namba 39, vya mtumba vinapatikana wapi?