Parkinson: miguu inaganda mlangoni, tumsaidieje mzee?

Mlezi_wa_Zamu
Wakuu, naombeni ushauri. Mzee ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaokaza mwili na kuharibu mwendo, anameza levodopa (dawa ya ugonjwa huo) mara tatu kwa siku. Sebuleni anatembea vizuri tu, ila akifika mlangoni au akitaka kugeuka, miguu inaganda sakafuni. Tukimvuta mkono ndiyo anazidi. Halafu dozi ya mchana ni kama haifanyi kazi. Iongezwe?

Fizio
Kwanza acheni kumvuta. Akiganda, nyayo zimebaki nyuma na kifua kimetangulia, kwa hiyo ukivuta unamwangusha kifudifudi.

Dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, ikipungua kwa Parkinson, kinachoharibika ni mwendo unaojiendea wenyewe, ule ambao mtu haufikirii. Hatua anayoikusudia bado ipo, ndiyo maana wengine hukwama mlangoni lakini ngazi wanapanda bila taabu. Basi asimame kabisa, avute pumzi, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha ule mwingine auinue na kupiga hatua moja ndefu, kisigino kitangulie. Mhesabieni kwa sauti: moja, mbili, tatu, twende.

Sakafuni bandikeni vipande vya utepe wenye rangi inayoonekana, vikikatiza njia, kila kimoja umbali wa hatua yake moja nzuri. Viendelee hadi ng'ambo ya mlango! Wengi huviishiza kizingitini, na mgonjwa anaganda hapohapo utepe unapokoma.

Kugeuka, azunguke kwa upana, asijipinde juu ya mguu mmoja. Wakati huo msimsemeshe, wala asibebe kikombe. Vizulia vidogo viondoeni.

Mfamasia
Dozi msiiguse bila daktari, na msiikatishe ghafla, ni hatari. Angalieni kwanza saa za kula. Protini ya nyama, maharage au maziwa hugombania na levodopa njia ileile ya kutoka kwenye utumbo kuingia kwenye damu, kisha tena ya kuingia kwenye ubongo. Kwa kawaida dawa humezwa nusu saa kabla ya chakula au saa moja baada yake. Protini asinyimwe, mwili utakonda. Sehemu kubwa yake inaweza kuhamishiwa mlo wa jioni. Kufunga choo nako kushughulikieni, kwa sababu dawa huweza kuchelewa kufanya kazi.

Kwa wiki moja andikeni saa ya dawa, saa ya chakula na saa aliyoganda. Akiganda karibu na dozi inayofuata, huenda dawa imeshaisha nguvu. Akiganda hata dawa ikiwa imekolea, kuongeza dozi kunaweza kusisaidie kitu. Daktari atahitaji karatasi hiyo kuliko maelezo ya mdomo.

Jingine: akitapika au akichanganyikiwa, popote atakapotibiwa semeni ana Parkinson. Metoclopramide (dawa ya kutapika) na haloperidol (dawa ya kumtuliza aliyechanganyikiwa) huzuia dopamini, zitamkaza zaidi.

Mlezi_wa_Zamu
Asanteni sana. Na kuinuka kwenye kiti? Anajaribu, anarudi chini.

Fizio
Ni kwa sababu anajisukuma juu kabla hajaenda mbele. Asogee ukingoni mwa kiti, avute nyayo nyuma ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume mikono ya kiti. Kochi linalobonyea halifai. Akishasimama atulie kidogo kabla ya kuondoka, maana presha huweza kushuka ghafla, akaona kizunguzungu.