Waridi au mlimau: gumzo la familia

*Jumamosi, asubuhi*

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo hamjambo? Jana tumemaliza kung'oa kile kisiki cha nyuma ya nyumba, pamebaki peupe pe. Bibi anataka waridi, Juma anataka mlimau, mimi nimekaa katikati na jembe langu. Semeni.

Juma: Mtu hali ua.

Farida: Kwani limau wewe unalila? Unalikamua tu ukatupa maganda.

Juma: Dada Farida asubuhi asubuhi 😂 Halafu kile chungu kikubwa chenye ufa kimekaa mlangoni pa stoo bure, nakitupa leo.

Mwanaidi: Mambo ya chungu baadaye. Tuanze na hili.

Mjomba Sefu: Marahaba, Mwanaidi. Kabla hamjatoana macho, hapo pana upana gani toka ukutani mpaka kwenye uzio?

Mwanaidi: Nimehesabu hatua tano, Mjomba.

Mjomba Sefu: Hatua zako na za Juma si sawa. Pima kwa futi, uniambie mita. Mlimau ukiachiwa hufika mita 3 hadi 6 kwenda juu, na matawi yanatanuka karibu vivyo hivyo. Ukiupanda mita moja kutoka ukutani, baada ya miaka michache utakuwa unafungua dirisha unakutana na tawi.

Mwanaidi: Mita 3 na nusu.

Mjomba Sefu: Hapo mlimau unaingia kwa kuupogolea kila mwaka, la sivyo utawasumbua.

Juma: Mimi nina mbegu tayari, nimezikausha dirishani wiki nzima.

Mjomba Sefu: Mbegu ya limau haitaki kukaushwa, mwanangu, ikikauka inakufa. Na hata ikiota, mti wa mbegu unaweza kukuweka miaka 5 na zaidi bila tunda, tena una miiba mirefu. Tafuta mche wa kubebesha, yaani kijiti cha mlimau kilichounganishwa kwenye shina la mti mwingine. Huo miaka 2 au 3 unaanza kuzaa.

Juma: Miaka mitatu!!

Farida: Waridi ukilipanda leo, msimu huuhuu unaona maua. Ila nisikudanganye Mwanaidi, waridi ni kazi. Mimi la kwanza nililiua kwa mapenzi. Kila jioni nachukua bomba nalimwagia juu mpaka majani yanatiririka, nikidhani nalipoza. Mara majani yakaanza madoa meusi, doa lina ukingo wa njano kama jicho la paka. Halafu jani zima linageuka njano, linaanguka. Mwisho wa mwezi nimebaki na vijiti vitatu vyenye miiba. Kumbe ule ukungu unapenda jani lililolala na maji. Sasa namwagia asubuhi, chini kwenye shina, jani siligusi. Na ua likinyauka usilivute kwa mkono, shuka mpaka kwenye jani lenye vijani vitano, kata juu yake kidogo. Hapo ndipo panapochipua tawi lenye nguvu.

Juma: Umeandika barua ya posa.

Farida: Utaisoma tena siku utakapolipanda.

Bibi: 🎤 (sauti, 2:14)

Farida: Kwa wasioweza kufungua: Bibi anasema yeye hana miaka ya kungojea mti. Anataka kitu akikaa pale kizingitini asubuhi akione, na harufu impate bila kuinuka. Malimau anayo ya kutosha, wanawe wanamletea. Dakika moja ya mwisho ni kuku tu wanawika.

Mjomba Sefu: Mama, ua la mlimau nalo linanukia. Kichomozi chake kina rangi ya zambarau kwa nje, likifunguka ni jeupe. Nyuki wanajaa hapo.

Bibi: 🎤 (sauti, 0:06)

Farida: Amesema, "Sefu, niliomba waridi."

Kauthar: Shikamooni. Kumbe waridi ni ndugu wa tofaa! Tumesoma. Ukoo mmoja na pea, pichi na stroberi. Waridi la mwituni lina petali tano kama ua la tofaa. Na usipolikata ua lililonyauka, linaacha kitunda kidogo chekundu, kinaliwa, kina vitamini C nyingi.

Juma: Basi kesi imekwisha, tupande waridi tule matunda.

Kauthar: Mjomba Juma, ndani kuna vinywele vinavyowasha koo. Lazima uviondoe kwanza.

Mjomba Sefu: Kauthar umesema kweli. Lakini ukiliacha lizae vitunda, maua yanapungua, maana nguvu inakwenda kwenye mbegu. Chagua kimoja.

Mwanaidi: Na miiba? Mtoto ameanza kutambaa.

Mjomba Sefu: Yote miwili ina miiba, ila si ya namna moja. Mwiba wa waridi umeota kwenye ngozi ya shina. Usukume pembeni kwa kidole gumba, unabanduka kama gamba. Wa mlimau ni kijitawi kilichogeuka mwiba, umetoka ndani kabisa, mpaka uukate. Kwa mtoto anayetambaa, vyote viwili viwe mbali.

Farida: Wadudu je, Mjomba? Waridi langu vidukari hawaishi kwenye vichomozi. Nawapukusa kwa maji, wanarudi.

Mjomba Sefu: Hata mlimau wanao. Tena mwezi uliopita niliona mavi ya ndege kwenye jani, nikasema niyafute. Nilipoyagusa yakanitolea pembe mbili nyekundu, na harufu kali ikanijia puani. Kiwavi wa kipepeo! Akiwa mdogo anajifanya mavi ya ndege ili ndege wasimle. Mti mkubwa hauna neno naye, lakini mche mchanga viwavi wanne wanaumaliza majani.

Kauthar: Babu Sefu ulimuua?

Mjomba Sefu: Nilimhamishia kwenye mti mkubwa. Usimwambie mtu.

Juma: Umeandika kwenye kikundi cha watu 23.

Mjomba Sefu: Mwanaidi, sasa sikiliza. Kabla ya waridi au mlimau, angalia jua. Vyote viwili vinataka saa 6 za jua na zaidi. Kesho chomeka kijiti pale, kila saa uangalie kama kiko juani au kivulini. Halafu chimba shimo la futi moja na nusu, lijaze maji jioni, asubuhi uangalie.

*Jumapili, jioni*

Mwanaidi: Majibu ya kijiti. Jua linafika saa moja na nusu asubuhi, saa tano kasoro ukuta wa jirani unaleta kivuli. Basi, mpaka jioni ni kivuli.

Farida: Saa tatu na kidogo. Hapo waridi litarefuka kama linatafuta mtu, maua mawili kwa mwaka.

Juma: Na mlimau?

Mjomba Sefu: Majani tu. Wiki nzima tumegombania mahali pasipofaa wote wawili.

Juma: Siku mbili, Mjomba.

Mwanaidi: Jua la kutwa liko mbele, karibu na geti. Nimechimba shimo la pili hapo.

*Jumatatu, asubuhi*

Mwanaidi: 📷 Shimo la getini. Maji ya jana jioni yapo vilevile, na chura ameshahamia.

Farida: 😂😂😂

Mjomba Sefu: Udongo mfinyanzi huo. Mlimau ukisimama kwenye maji unaoza shina kwa chini, gome linatoa utomvu, na ukiona hivyo umechelewa. Lakini geti lisikatiwe tamaa. Inueni tuta, urefu wa futi moja na zaidi, mapana ya mita moja na nusu, mchanganye mboji. Mche ukae juu yake. Ile alama ya kubebeshea ibaki wazi, juu ya udongo kabisa. Chipukizi lolote litakalotokea chini ya alama hiyo likatwe, hilo si limau, ni mti wa shina la chini. Matunda ya mwaka wa kwanza muyatoe yakiwa madogo, mti ujijenge kwanza.

Juma: Nitoe limau langu la kwanza kwa mkono wangu?

Mjomba Sefu: Kwa mkono wako.

Mwanaidi: Na waridi la Bibi? Kizingitini ni saruji tupu.

Farida: Jua lipo?

Mwanaidi: Toka asubuhi mpaka saa tisa.

Farida: Basi waridi linakaa kwenye chungu. Kiwe kikubwa, kina cha sentimita 40 hivi, na chini kitoboke. Mimi nitakata kijiti kwenye langu, unene wa penseli. Kikishika mizizi nakuletea.

Mwanaidi: Chungu kikubwa sina.

Bibi: 🎤 (sauti, 0:11)

Farida: Bibi anauliza kile chenye ufa kiko wapi. Anasema ufa ndio mzuri, maji yatatoka.

Mwanaidi: Juma?

Mwanaidi: Juma, umesoma, nimeona.

Juma: Niko nje nakifuata, gari la taka halijapita.