Nimekatwa 148,000 na programu ya kupunguza uzito isiyojua hata ming'oko

Wakuu, habari za jioni. Mwenye moyo wa kusoma malalamiko akae, asiye nao apite kimya kimya. Leo sitaki mtu wa kuniambia "pole dada, fanya mazoezi".

Nipo Mtwara mjini, Ligula. Nina kilo 91 na urefu wangu ni wa kawaida tu, presha imeanza kupiga hodi, nikasema nijipange.

Nikaanza na kochi wa WhatsApp (si la sebuleni, ingawa la sebuleni lingenisaidia zaidi). Elfu 35, siku 21. Nikatumiwa PDF: asubuhi oti na mbegu za chia, mchana brokoli na kuku bila ngozi, usiku nusu parachichi na tango. Brokoli, Mtwara! Nimezunguka sokoni mpaka muuza mchicha akaniuliza, "Dada, hiyo ni mboga au dawa?" Kisamvu hakimo, matembele hayamo. Samaki aliyemo ni wa kopo, na mimi feri wanakoshusha changu wabichi nafika kwa bodaboda kabla kijasho hakijanitoka.

Juu yake kuna chai ya "kuyeyusha mafuta", elfu 20 pembeni. Ashakum si matusi, ile chai haiyeyushi kitu, inaharisha. Siku sita nimehamia chooni, mizani ikashuka kilo tatu, grupu zima likanimwagia makopakopa. Nikaja kula wali wa shughuli, kilo mbili na nusu zikarudi ndani ya siku mbili. Yalikuwa maji tu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, huwezi kuiharisha. Nilipouliza hilo kwenye grupu, admini akanitoa.

Sasa kidonda chenyewe. Nikasema kochi ni tapeli, niende kwa wazungu wenye utaratibu. Nikapakua programu, siku 7 bure, ila uweke kadi kwanza. Nikatengeneza kadi pepe kwenye simu. Wakaniuliza maswali hadi nalala saa ngapi, wakanichorea na mstari unaoteremka: tarehe fulani utakuwa na kilo 70. Nikaamini, mjinga mimi.

Siku ya tatu mama mkwe akashuka kutoka Newala na kifurushi cha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kwetu. Nikaichemsha na chumvi, nikakaa naye barazani, nikaandika "ming'oko". Programu ikaniuliza kama nilitaka kusema embe. Nikaandika ugali wa muhogo: mmoja kaandika kalori 90, mwingine 400, hakuna aliyesema ni wa gramu ngapi, maana nyingi ya hizo wanajaza watumiaji wenyewe. Mama mkwe akachungulia, akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo simu ndiyo inakuruhusu kula?"

Korosho tu ndiyo waliipatia: gramu 100 ni kama kalori 550. Na mimi kila jioni nikikaa na tamthilia nilikuwa natafuna viganja vitatu, vinne. Sawa, hilo nimejifunza. Hilo peke yake ndilo nililolipia 148,000.

Maana siku ya nne niliifuta kwenye simu nikajua yameisha. Siku ya nane meseji: umelipia mwaka mzima. Kuwaandikia, wananijibu kwamba kufuta programu si kusitisha usajili. Wenye Android, ingieni Play Store, gusa picha yako, "Malipo na usajili", sitisha huko KABLA siku za bure hazijaisha. Mimi nimeyajua haya baada ya hela kwenda.

Na mchezo huu si wa leo. Noom, programu ya kupunguza uzito ya New York (si niliyotumia mimi), mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 56 taslimu kumaliza kesi ya wateja waliolalamikia hayo hayo, majaribio na usajili unaojiendeleza. Wamarekani wana mahakama. Mimi nimfuate nani, mwenyekiti wa mtaa?

Mtakaoniuliza bora ipi: kochi anakuibia mara moja, programu inakuibia kila mwaka. Weight Watchers yenyewe, kampuni kubwa ya Marekani ya kupunguza uzito, ilianza miaka ya 60, mama mmoja wa Queens, New York, Jean Nidetch, akiwaita wenzake nyumbani kwake wasimuliane walivyokula. Mkutano wa kina mama! Sisi tunavyo vikoba kila mtaa.

Kwa hiyo sasa tupo wanne, kila Jumamosi tunapima kwenye mizani ya duka la dawa, tunaandika kwenye daftari. Wiki sita, kilo mbili. Ndogo, lakini hazijarudi.

Ile kadi pepe nimeiacha na shilingi 600. Mwakani wakija kukata, wakute buibui.